Barua iliyomuuliza mama kama baba wa marehemu yu hai

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, akina mama wa Australia waliofiwa na watoto wao vitani walipata barua kutoka ofisi ya kumbukumbu za jeshi, Melbourne. Maneno ni yale yale kwa wote, kinachobadilika ni jina tu. Je, marehemu ana ndugu wa damu aliye karibu kuliko wewe? Baba yake bado yu hai? Kwa mujibu wa utaratibu, nishani zilikwenda kwa mjane, kisha watoto, kisha baba, ndipo afikiriwe mama. Basi mama aliyetelekezwa miaka na miaka, akamlea mwanawe peke yake, alitakiwa kwanza aeleze yuko wapi huyo mwanamume.

Mafaili ya askari hao yamewekwa mtandaoni na Hifadhi ya Taifa ya Australia, na yeyote anayasoma bure. Mimi yamenikesheza. Ukurasa wa kwanza una kazi ya mtu, dini, urefu, upana wa kifua, rangi ya macho na makovu. Kisha fomu yenye miandiko ya makarani tofauti: kalazwa, karudi kikosini, katozwa faini kwa kutoroka kambini, kaugua kisonono. Halafu neno moja la kifo. Chini yake orodha ya vitu vinavyorudishwa nyumbani, kama vile kiko, wembe, barua, picha, Biblia ndogo. Hapo ndipo mtu anapokuwa mtu, na ndiyo maana naamini historia ya askari wa kawaida ianzie humo, siyo kwenye hotuba za Aprili 25, siku Australia inapowakumbuka askari wake, kuhusu mashujaa wa vita vya Gallipoli huko Uturuki. Ushujaa ulikuwepo, sibishi. Lakini mapigano yaliisha 1918, na barua za akina mama ziliendelea kuingia miaka mingi baadaye.

Nchi ile haikufikisha hata watu milioni 5. Walijiandikisha wapatao 417,000, wakasafiri kama 330,000, wakafa takriban 60,000. Wote walikuwa wa kujitolea, maana wananchi waliulizwa kwa kura mara mbili, 1916 na 1917, kama vijana walazimishwe kwenda ng'ambo, na mara zote mbili wakakataa. Mshahara ulikuwa shilingi 6 kwa siku wakati mwenzao wa Uingereza alianza na shilingi 1, na kwa kibarua wa shambani hiyo si hela ya kudharau.

Maiti hazikurudishwa. Ufaransa, walikofia wengi, ni mbali, nauli ya meli haishikiki, kwa hiyo familia nyingi hazikuliona kaburi kamwe. Ndiyo maana namheshimu sana Vera Deakin, binti wa waziri mkuu wa zamani wa Australia, aliyeanzisha ofisi ya Msalaba Mwekundu ya kutafuta waliojeruhiwa na waliopotea, Cairo, 1915, akiwa na miaka 23. Watu wake walizunguka wodini kuwauliza majeruhi: ulimwona fulani akianguka? Alisema nini? Alizikwa wapi? Majibu yakatumwa nyumbani, mengine yakipingana. Mzazi alibaki na simulizi mbili za kifo kimoja.

Wenyeji wa asili wa nchi ile sheria iliwazuia, hadi 1917 ilipolegezwa kwa waliokuwa na mzazi mmoja Mzungu. Hata hivyo zaidi ya 1,000 walipigana. Waliporudi, serikali ikigawia askari mashamba, wengi wao walinyimwa. Hilo linaniuma kuliko yote niliyoyasoma.

Tume ya makaburi ya vita ya Uingereza na makoloni yake iliandika jina la kila Mwaustralia aliyekufa, kwenye jiwe la kaburi au kwenye ukuta wa kumbukumbu. Penye kaburi, familia ilichagua maneno ya kuchongwa chini, yasizidi herufi 66, nafasi zikihesabiwa. Tume hiyo hiyo haikufanya hivyo kwa wapagazi waliokufa Afrika Mashariki, maelfu kwa maelfu, ambao jina la kikosi chao, Carrier Corps, limebaki Kariakoo ya Dar es Salaam. Iliomba radhi 2021. Mama wa Melbourne alikuwa na ofisi ya kuiandikia, hata kama ilimjibu kwa fomu. Mama wa mpagazi hakuletewa hata fomu.