Smatifoni ya batani: vidole vinaitaka, fundi haijui

Alfajiri pale Kibirizi, ufukweni Kigoma, mitumbwi ikirudi na dagaa, simu za kupangusa hupata tabu. Mama mmoja alikuwa anamwandikia mteja wake wa Tabora bei ya siku. Mikono imelowa, akigusa herufi hii inakuja ile, au haiji kabisa. "Mwanangu, kioo hakinisikii," akaniambia, huku akijifuta kwenye kanga kwa mara ya tatu. Kioo cha namna hiyo huhisi umeme mdogo wa kidole, na tone la maji nalo hukichanganya. Batani haijali maji ya kidoleni. Ukiibonyeza, imebonyezwa.

Kwa hiyo mtu anayetafuta smatifoni ya kisasa yenye kibodi ya batani simhesabu kuwa amekwama enzi za Nokia E63 na BlackBerry Curve. Ana hoja, na kwa sisi tunaoandika Kiswahili hoja hiyo ina uzito zaidi. Neno letu hubeba sentensi nzima: "hawajatulipa", "nitawaletea". Simu iliyowekwa Kiingereza hulivamia neno kama hilo na kulibadilisha bila kukuuliza. Ukiweka Kiswahili nafuu ipo, lakini ubashiri wake wa maneno bado huishiwa pumzi viambishi vikirefuka, na kazi inarudi kwa vidole vyako. Hapo batani hushinda, maana kidole huijua njia bila jicho. Wapo watakaosema ujumbe wa sauti unatosha. Kwenye biashara hautoshi: bei iliyoandikwa ndiyo risiti.

Tatizo ni simu yenyewe utaipata wapi, na ikiharibika utaipeleka kwa nani.

Za mtumba zinavutia kwa bei, na ndizo ninazoziogopa zaidi. BlackBerry zenye mfumo wake wa zamani zilikatiwa huduma tarehe 4 Januari 2022, na kampuni ilionya kwamba hata kupiga simu na kutuma meseji hakutategemewa tena. WhatsApp ilikuwa imeshaziacha tangu 2017, pamoja na Nokia za Symbian, mfumo wa zamani wa simu hizo. BlackBerry KEY2 ya 2018, ya Android, ni nzuri mkononi kweli, ila iliishia toleo la 8.1, na kampuni ya TCL iliyokuwa ikiitengeneza iliacha kuuza simu za jina la BlackBerry mwaka 2020. Kuweka programu ya benki kwenye simu iliyoachwa hivyo, bila masasisho ya usalama, ni kujitafutia hasara.

Mpya zipo, chache. Unihertz ya China ilitoa Titan mwaka 2019, na mwaka 2025 ikaja Titan 2: 5G, Android 15, betri ya mAh 5,050, kioo cha mraba cha inchi 4.5. Kuna pia Clicks, kava yenye kibodi iliyoanza na iPhone mwaka 2024, lakini haikutengenezwa kwa Tecno na Itel zilizojaa mikononi mwetu.

Sasa twende Mwanga, mjini Kigoma, kwa fundi. Kioo cha Tecno anacho au anajua nani anacho. Kibodi ya Titan ikifa, kipuri kiagizwe ng'ambo, na wewe ukae bila simu ukingoja. Tena mchanga ule ule wa Kibirizi unaoganda kwenye vidole vyenye maji utaingia chini ya batani. Faida niliyoisifu mwanzo inapungua hapo hapo ufukweni.

Ndiyo maana mama yule nisingemshauri ainunue. Kitochi anacho tayari, cha meseji na miamala, na mikono ikikauka ndipo ashike ya WhatsApp. Lakini mwandishi wa habari, katibu wa kikundi, au mwalimu anayeandikia wazazi kila jioni, huyo namwambia anunue Titan 2 kama fedha anayo, mradi asiuze simu yake ya sasa. Kioo cha mraba kitamchosha kwenye video, maandishi yatamlipa.

Na anayeng'ang'ania ya mtumba, kabla hajatoa hela abonyeze *#06#, namba ya IMEI itakayotokea, yaani kitambulisho cha simu, aitume kwenda 15090 ya TCRA kujua kama simu ni halali, kisha aangalie toleo la Android akiwa bado amesimama mbele ya muuzaji.