Upepo Haujui Shemeji

Shemeji yangu ni bingwa wa kila jambo ambalo hajawahi kulifanya. Aliponunua trela dogo la kulala, lile la kukokotwa na gari, dada akanisihi nimsindikize safari ya kwanza. Sikuwa na pa kukimbilia.

Kupakia alipakia mwenyewe. Jenereta, madumu ya maji, kreti za soda, vyote mkiani. Nikamwambia mizigo mizito hukaa mbele kidogo ya ekseli, ule mhimili wa magurudumu, asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa trela ilalie pale linapoungwa na gari.

"Shemeji, trela la nani hili?"

Nikanyamaza.

Upepo wa ubavuni ulitukuta kwenye mteremko, na lori likachagua dakika hiyohiyo kutupita. Kwanza likatusukuma pembeni, kisha likatuvuta upande wake. Trela likaanza kutikisa mkia. Kwenye vioo nililiona likinichungulia kushoto, mara kulia.

"Usikanyage breki! Achia mafuta, usukani unyooshe tu!"

Akaachia, nadhani kwa kuwa miguu ilishaganda. Mwendo ukapungua, trela likatulia.

"Unaona?" akasema huku jasho likimtiririka. "Lina akili hili."

Kambini nilimwomba aelekeze pua ya trela kule upepo unakotoka, tushushe na miguu ya kona, ile ya kulizuia lisiyumbe. Akakataa. Akaliegesha ubavu wazi, eti hewa iingie vizuri, kisha akatandaza turubai la kivuli. Sasa, upepo ukiongeza kasi mara mbili, nguvu yake huwa mara nne. Turubai lililotandazwa ni tanga, na sisi hatukuwa na nahodha.

Usiku kikombe changu cha chai kilianza kutembea chenyewe. Kikaenda hadi ukingoni mwa meza, kikasita, trela likayumba, kikarudi.

"Shemeji, tukakunje turubai."

"Huu upepo wa kubembelezea watoto."

Basi vigingi vikaanza kung'oka, pu, pu, pu. Shemeji akatoka mbio na bukta yake, akalivamia bomba la turubai kulikamata. Likamkamata yeye. Kwa mwanga wa tochi niliziona ndala zake zimetulia mahali pake, mwenyewe kahamia kwenye tope. Turubai likapinduka juu ya paa, bomba likapinda, likajibana mlangoni kwa nje. Mimi ndani, yeye mvuani.

Akagonga. "Fungua, shemeji."

"Mlango umebanwa na bomba."

Kimya. Kisha, kwa sauti ya heshima ambayo sijawahi kuisikia kwake: "Basi nipitishie blanketi dirishani, kaka yangu."

Nilikuwa nalisukuma blanketi pale dada alipopiga simu. Mnaendeleaje huko? Na mbona mumewe hapokei simu?

Kabla sijajibu, sauti ikatoka gizani, meno yakigongana:

"Mwambie niko nje napunga upepo!"