Mtaka cha mvunguni siku hizi hainami

Mwezi uliopita programu yangu iligoma. Si programu ya maana sana: kazi yake ni kusoma orodha ya matumizi yangu, kuyapanga kwa makundi na kuniambia pesa zimekwenda wapi. Niliitengeneza jioni moja kwa msaada wa akili bandia (au akili mnemba, au akili unde, jina bado linagombewa), na jioni ile nilijiona fundi. Nilieleza ninachotaka, nikapewa mistari kama mia mbili ya msimbo, yaani maagizo ambayo kompyuta huyafuata, nikaibandika, ikafanya kazi. Wiki chache baadaye ikaanza kuhesabu matumizi mengine mara mbili. Nikafungua faili kutafuta kosa. Nikasoma mwanzo hadi mwisho, nikarudia, sikuambulia kitu. Nilikuwa kama mtu aliyeandikiwa barua ya mapenzi na rafiki yake, akaitia sahihi na kuipeleka, halafu mpenzi anapomuuliza maana ya sentensi ya tatu anabaki kukodoa macho.

Aibu hiyo ndiyo iliyonikalisha kuandika haya.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, walisema wahenga. Nimeisikia methali hii tangu utotoni, na siku zote niliielewa kirahisi: ukitaka kitu, kubali taabu yake. Sasa tumepata chombo kinachonyanyua kitanda. Unasimama wima, kitu unakiona, unakichukua, unaondoka. Nani atahangaika kuinama? Na kama haja yako ni kile kilichomo mvunguni tu, hasara iko wapi? Mimi si mtu wa kusifia taabu kwa kuwa ni taabu. Mashine ya kufulia imenipunguzia kazi ambayo naomba isinirudie maisha yangu yote. Ila kujifunza si kufua. Mwanafunzi anayefanya zoezi la hesabu hatafuti jibu. Jibu mwalimu analo tangu jana. Anatafuta kichwa kitakachoweza kulifikia jibu kikiwa peke yake, na kichwa hicho hakipatikani mahali pengine isipokuwa kwenye kuinama.

Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walilipima jambo hili kwa wanafunzi karibu 1,000 wa hisabati katika shule ya sekondari nchini Uturuki. Kundi moja lilifanya mazoezi kwa vitabu na daftari kama kawaida. La pili lilipewa mashine ya akili bandia, GPT-4, ya kuuliza chochote. La tatu lilipewa mashine ileile, lakini iliyoelekezwa kutoa vidokezo bila kumwaga jibu. Wakati wa mazoezi, kundi la pili lilipata alama asilimia 48 zaidi ya lile la daftari, na la tatu asilimia 127 zaidi. Mtu angeishia hapo angepiga vigelegele. Kisha mashine zikaondolewa, ukaja mtihani. Waliozoea kupewa majibu wakaanguka asilimia 17 chini ya wenzao ambao hawakuwahi kuigusa mashine. Wale wa vidokezo hawakudhurika, lakini pia hawakuwapita wenzao wa daftari, na sehemu hiyo ndiyo ambayo wauzaji wa teknolojia huiruka wanaposimulia.

Kilichonigusa zaidi ni kwamba walioanguka hawakuhisi kwamba wamejifunza kidogo. Walidhani mambo yako sawa.

Hili si geni, na wala halikuletwa na mashine. Mwaka 2006 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi matini ya kusoma. Wengine waliirudia kuisoma tena na tena. Wengine waliisoma, wakaifunika, wakajaribu kuandika walichokumbuka. Dakika 5 baadaye, waliorudia kusoma waliongoza. Wiki moja baadaye waliongoza wale waliojikamua kukumbuka, na kwa tofauti ya kuonekana. Tena, walipoulizwa mapema watakumbuka kiasi gani, waliokuwa na imani kubwa na kumbukumbu yao ni hao hao wasomaji wa kurudia. Ulaini wa kitu kinapopita machoni tunaufananisha na kukijua. Ukitazama video ya mtu anayetatua swali gumu, kila hatua inakupita kama maji, unatikisa kichwa, "ndiyo, ndiyo, bila shaka." Funga video, chukua karatasi tupu. Hapo ndipo utakapojuana na nafsi yako.

Najua atatokea mtu wa kunikumbusha kwamba kila kizazi kimelalamikia chombo kipya. Ni kweli, na lalamiko kongwe kuliko yote ninayoyajua nalipenda. Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, anamsimulia mwalimu wake Sokrates akieleza jinsi mungu Theuth wa Misri alivyompelekea mfalme Thamus uvumbuzi wake wa maandishi, akijigamba kuwa ni dawa ya kumbukumbu. Mfalme akakataa sifa hizo: watu wataacha kukumbuka kwa nguvu zao, alisema, na wataonekana wenye hekima ilhali hawana. Kejeli ni kwamba tunayajua haya kwa sababu Plato aliyaandika. Maandishi yalishinda kesi, na mimi ninayelalamika hapa nimekaa juu ya ushindi huo.

Lakini Thamus hakukosea kila kitu. Maandishi yalitunyang'anya kukariri, yakatuachia kufikiri, kwa maana ukurasa ni bubu: unakupa kilichoandikwa na ukiuuliza swali haukujibu, hivyo kazi ya kuunganisha inabaki kuwa yako. Chombo cha leo kinajibu. Kinaunganisha, kinafupisha, kinatoa hoja na hoja kinzani, kisha kinakusifu kwa kuuliza swali zuri. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nasi ndio wagema wenyewe hapa: tunasifiwa kila mstari, na kazi yetu inazidi kuwa ya maji maji.

Hata hivyo siwezi kusema chombo ni kibaya, kwa sababu namfahamu mtu ambaye kinamsaidia kweli. Ameandika programu kwa zaidi ya miaka kumi na tano. Anaomba mashine impe msimbo, anautupia jicho, na ndani ya nusu dakika anasema, "Hapa imenidanganya." Anarekebisha na kuendelea. Kwake mashine ni kijana wa mkono. Kwangu mimi mwanagenzi, mashine ileile ilikuwa bwana, kwa kuwa sikuwa na cha kuipimia. Jicho lile la kusema "hapa imenidanganya" alilipata kwa kukwama usiku mwingi, miaka ambayo hapakuwa na wa kumnyanyulia kitanda. Chombo kinamfaa zaidi yule ambaye hakukihitaji alipokuwa anajifunza.

Na hapo jambo linatoka kwenye chumba changu na kuwa la jamii. Katika ofisi nyingi kazi ndogo ndogo walipewa wageni wa kazi: kuandika rasimu ya kwanza, kukagua majedwali, kutafsiri barua isiyo na uzito, kusahihisha makosa madogo kwenye programu. Hazikuwa kazi za kutafutia sifa. Zilikuwa shule iliyokuwa inalipa mshahara. Sasa ndizo kazi za kwanza kukabidhiwa mashine, maana kwa mahesabu ya mwezi huu ni akiba. Mzoefu mmoja na mashine yake wanatosha. Sawa. Mzoefu huyo akistaafu, nani atakaa kwenye kiti chake? Naona watu wakila mbegu huku wakisifia mavuno, na bado sijamsikia mkubwa wa kampuni akiulizwa swali hili hadharani akalijibu bila kuzunguka.

Shule nazo zimeamua kuwa polisi wa kuwasaka wanaoandikiwa na mashine. Sijui kwa nini, maana vita hivyo vimeshashindwa: kampuni ya OpenAI yenyewe, iliyotengeneza GPT-4, ilitoa chombo cha kutambua maandishi ya mashine mwanzoni mwa 2023, ikakiondoa mwezi Julai mwaka huohuo kwa sababu usahihi wake ulikuwa mdogo. Mwanafunzi mwaminifu anayeandika kwa unadhifu anaweza kushtakiwa, na mjanja anayejua kuchafua sentensi akapita. Mimi ningependa mwalimu aliyepokea insha amwite aliyeandika, amkalishe dakika tano, amuulize, "Kwa nini hoja hii umeiweka kabla ya ile?" Ni njia ya gharama, najua, hasa mwenye darasa la watoto sitini akinisoma atacheka kwa uchungu. Lakini fedha za kununulia programu za upelelezi zinapatikana.

Kuna kingine kinachopotea, nacho ni vigumu zaidi kukipima. Zamani nikikwama nilimwendea mtu. Kumwendea mtu kulikuwa na gharama yake: unajipanga, unajiuliza kama swali ni la kijinga, unalisuka vizuri, na mara nyingi ukilisuka vizuri jibu linakujia kabla hujafika mlangoni kwake. Ukifika, anakutazama usoni, anaona hujaelewa ingawa umesema umeelewa. Anakuuliza, "Wewe unaonaje?" Swali hilo linakera mno pale unapotaka jibu. Na ukitoka hapo mmejuana. Kesho yeye ndiye atakayekuja kwako. Mashine haina kesho ya namna hiyo, haihitaji lolote kutoka kwangu.

Nimejiwekea utaratibu wa kuhangaika na jambo nusu saa kabla ya kuuliza popote, na nikiiuliza mashine, naiagiza inihoji badala ya kunijibu. Nauvunja mara tatu kwa wiki, hasa usiku.

Ile programu niliifuta. Nimeiandika upya kwa mkono wangu, jioni nne, mistari sitini na kitu, mibaya kweli kuitazama. Yule rafiki yangu aliiona akaguna. Bado inachanganyikiwa matumizi mawili yakiwa na kiasi sawa siku moja, inayahesabu kama moja. Najua ni mstari wa arobaini na mbili. Jumamosi nitaurekebisha.