Si utundu, hawajaonyeshwa

Kuna mwandishi aliyeandika kwamba wanafunzi wanaungua maabara kwa sababu ya utundu. Hapana, wengi wanaungua kwa kutoonyeshwa. Nimefundisha kemia hapa Tanga miaka mingi, na mtoto aliyeumia mbele yangu alikuwa mtulivu kuliko wote: alimimina maji kwenye asidi kali ya salfuriki badala ya kumimina asidi kwenye maji. Maji ni mepesi, yanabaki juu, yanachemka papo hapo na kurusha matone. Yalimpata shavuni, chini kidogo ya jicho. Sheria ilikuwa imebandikwa ukutani, ila hakuna aliyewahi kusimama naye akamimina taratibu huku akigusa bika (chombo cha kioo cha maabara) kwa nje aone joto linavyopanda. Bombani maji hayakutoka siku hiyo, tukamwosha kwa ndoo za jikoni, dakika 20 nzima. Tangu hapo sifungui chupa ya asidi kabla madumu mawili ya maji hayajakaa mezani. Na kuvuta pipeti (kijibomba cha kupimia kimiminika) kwa mdomo, hata ya sodiamu haidroksaidi inayounguza, bado naona kidato cha nne wakifanya wakijiandaa na mtihani wa vitendo. Walimu wenzangu wa Muheza na Pangani, shuleni kwenu vipira vya pipeti, vya kuvutia badala ya mdomo, vinatosha darasa zima?