Jibu liandikwe kwenye kadi ya mtoto

Sikoseli Tanga tunaijua. Ukitaja G6PD, hata mama aliyezoea kliniki atakuuliza ni dawa ya nini. Ni kimeng'enya, aina ya protini, kinachokinga chembe nyekundu za damu. Upungufu wake mtu huzaliwa nao, na mtoto wa kiume huurithi kwa mama. Wengi huzeeka bila kujua wanao. Wengine hugundua wakishakutana na kitu kinachopasua chembe hizo: dapsoni (dawa ya ukoma), primakwini (dawa ya malaria) ya dozi kubwa, au naftalini tunazotupia kwenye sanduku la nguo. (Na nguo za mtoto mchanga ndizo zilizolala humo tangu zilipombana kaka yake!) Mkojo unakuwa mweusi, macho manjano, damu inashuka.

Kwa watafiti si habari mpya. Huko Muheza, mkoani Tanga, ilijaribiwa dawa ya malaria ya klopoguanili na dapsoni. Mwaka 2008 ikaondolewa sokoni kwa kuwa ilivunja damu za wenye upungufu huu.

Kipimo cha upungufu huu kwa mtoto mchanga chaweza kuanza kwa tone la damu ya kisigino kwenye karatasi maalumu, likaachwa likauke. Robert Guthrie wa Marekani alieneza njia hiyo miaka ya 1960, na zahanati zetu zinaijua: ndivyo wanavyopimwa watoto wa akina mama wenye VVU. Njia ya kufikisha karatasi maabara ipo tayari.

Shida ni unyevu wetu wa pwani. Kimeng'enya huharibika, karatasi ikisahauliwa kwenye droo wakati wa masika, bila kifuko cha kukausha unyevu, mtoto mzima ataonekana mgonjwa. Jeni, yaani chembe za urithi, hustahimili zaidi, kwa hiyo jibu lenye shaka lihakikiwe kwa kipimo cha jeni, hasa kwa wasichana waliorithi jeni moja yenye kasoro, ambao wengi wao huangukia katikati ya wazima na wenye upungufu.

Nitaambiwa aina ya upungufu iliyozoeleka Afrika si kali, na kwamba tangu 2012 WHO inaruhusu dozi moja ndogo ya primakwini bila kupima. Sibishi. Lakini ruhusa hiyo ni ya primakwini, si ya dapsoni.

Ninachogombea ni jibu linapoishia. Likibaki kwenye rejista ya maabara halimsaidii mama wa Pongwe aliyesimama duka la dawa. Liandikwe kwenye kadi ya kliniki kwa wino mwekundu, pamoja na majina ya dawa za kuepuka, ili muuzaji naye alisome.