Nyumba ya Mwaka 1924 na Watu wa Bima

Hapa Marekani mtu akizeeka hupunguziwa nauli ya basi, hupunguziwa tiketi ya sinema, na katika baadhi ya migahawa hupunguziwa hata bei ya mayai ya asubuhi. Lakini nyumba ikizeeka, mwenye nyumba huongezewa bili. Ninayasema haya nikiwa ndani ya nyumba iliyojengwa mwaka 1924 kaskazini mwa jiji la Minneapolis, jimbo la Minnesota, nyumba ya mbao yenye ghorofa moja, dari la kuinamia na chumba cha chini ya ardhi chenye harufu ya unyevu. Kila ifikapo barua ya kuhuisha bima, ninajiona kama mtu anayemtunza babu mwenye maradhi sugu, ambaye anatakiwa kulipiwa matibabu hata kabla hajakohoa. Kwetu Tanga nyumba ya zamani ni sifa ya ukoo, na hakuna aliyewahi kumuuliza marehemu babu yangu nyaya zake za umeme zilifungwa mwaka gani, ingawa ni kweli kwamba hakuwa na nyaya.

Wakala wangu wa bima ni kijana wa Kikenya, mzaliwa wa Nakuru, mwenye adabu zake zote, na adabu hizo ndizo zinazofanya maneno yake yaume zaidi. Nilimpigia simu kumuuliza kwa nini ada ya mwaka huu imepanda ilhali sijaunguza hata sufuria. Badala ya kunijibu, akaanza kunihoji yeye.

"Mzee, hilo paa lina umri gani?"

"Nyumba ni ya mwaka 1924."

"Nyumba naijua, mzee. Nauliza paa."

Hapo ndipo nilipoelezwa kwamba mwaka wa kujengwa nyumba ni swali la kufungulia mlango tu. Kinachowanyima usingizi watu wa bima ni umri wa vitu vinne, yaani paa, umeme, mabomba ya maji na mtambo wa kupasha nyumba joto, na nyumba ya mwaka 1924 iliyobadilishwa vyote vinne inaweza kulipiwa ada ndogo kuliko nyumba ya mwaka 1985 ambayo hakuna fundi aliyeigusa tangu ilipokabidhiwa funguo. Kule Florida, ambako vimbunga vimewatia kampuni za bima hofu ya kudumu, mkaguzi hutumwa kuviangalia vitu hivyo vinne kabla nyumba kongwe haijakubaliwa, na mwaka 2022 jimbo hilo lilifikia hatua ya kupitisha sheria ya kuzizuia kampuni kumkataa mtu kwa sababu ya umri wa paa peke yake iwapo paa hilo halijatimiza miaka 15. Nilipoisikia habari hiyo niliwahurumia watu wa Florida, kisha nikakumbuka kwamba paa langu limeshapita umri huo, nikaihamishia huruma yangu nyumbani.

Mapaa ya huku kwa sehemu kubwa si ya bati wala ya udongo wa kuchoma. Ni vigae vyepesi vya lami vilivyonyunyiziwa chembe za mawe, vinavyopigiliwa misumari juu ya mbao, na vile vya bei ya chini huchoka kati ya miaka 15 na 20. Vikichoka, zile chembe hudondoka na kujaa katika mfereji wa paa. Mtu akichota kiganja kimoja hudhani amechota mchanga wa Pangani uliochanganyika na masizi. Sasa, paa linapofikia umri huo, kampuni nyingi hubadilisha namna ya kulipa fidia. Paa changa likiharibika hulipwa bei ya kuweka paa jipya. Paa kuukuu hulipwa thamani iliyobaki baada ya kukata uchakavu, na mwenye nyumba hulijua jambo hilo siku ya msiba, kwa sababu limeandikwa katika ukurasa ambao hakuna binadamu aliyewahi kuufikia akiwa macho.

Niliketi mezani na kalamu. Tuseme paa jipya ni dola 20,000, na paa langu limetumia robo tatu ya maisha yake. Thamani iliyobaki ni dola 5,000. Lakini kabla bima haijatoa chochote, kuna sehemu ya hasara ambayo mwenye nyumba hubeba mwenyewe, na kwa upepo na mvua ya mawe sehemu hiyo mara nyingi haihesabiwi kwa kiasi kimoja cha fedha, bali kwa asilimia ya kiasi chote ambacho nyumba imekatiwa bima. Nyumba yangu imekatiwa bima ya dola 400,000, na sehemu yangu ni asilimia 2, ambayo ni dola 8,000. Nikatoa 8,000 katika 5,000. Nikarudia kwa kikokotoo cha simu. Nikampigia kijana wa Nakuru.

"Kwa hiyo mawe yakinyesha, ni mimi nitakayewadai au ni wao watakaonidai dola 3,000?"

"Hawawezi kukudai, mzee," akanituliza. "Itakuwa sifuri tu."

Alilitamka neno hilo kwa sauti ya mtu anayempa mwenzake habari njema. Hesabu ni hiyo, msomaji: paa likizeeka ninalipa zaidi ili siku ya maafa nilipwe kidogo, na likizeeka sawasawa ninalipa zaidi kabisa ili nisilipwe kitu.

Wala mvua ya mawe si jambo la kufikirika. Ilitwanga jiji hili na vitongoji vyake Juni 2017, ikarudi tena Agosti 2023, na kila inapopita, kabla barafu haijayeyuka kwenye majani, mitaa hujaa vijana wenye ngazi na kompyuta za mkononi wanaobisha hodi nyumba kwa nyumba wakidai wameona kitu juu ya paa lako walipokuwa wakipita. Mmoja alinihakikishia kwamba ile sehemu yangu ya hasara "wataishughulikia wenyewe". Sheria ya Minnesota inamkataza mkandarasi kumbebea mwenye nyumba sehemu hiyo, na nilipomweleza hivyo kwa upole, aliikunja ngazi yake kwa kasi ambayo sijaiona kwa fundi yeyote tangu nilipohamia hapa. Aliyemfuata alinishauri niweke vigae vya daraja la 4, ambavyo hupimwa kwa kudondoshewa tufe la chuma lenye kipenyo cha inchi 2 kutoka urefu wa futi 20, mara mbili mahali palepale, na visipasuke. Baadhi ya kampuni humpunguzia ada mwenye vigae hivyo. Kichwa changu pia kimedondokewa na bili mbili mahali palepale, na sijapunguziwa chochote.

Tukaja kwenye umeme. Wakala aliniuliza kama nyumba ina nyaya za vishikizo vya kauri, nikamwambia sifahamu, akaniomba nikaangalie darini. Nilipanda na shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, ambaye ni mwembamba na kwa hiyo hupewa kazi zote za darini. Tulifunua tabaka la pamba ya kuzuia baridi, na hapo chini yake, wazi kabisa, waya mbili zilikuwa zimenyooshwa sambamba kutoka boriti moja hadi nyingine, zikishikiliwa na vifundo vyeupe vya kauri vinavyong'aa kama siku vilipofungwa, na kila zilipopenya ndani ya mbao zilipitishwa katika mrija wa kauri ileile. Kauri ilikuwa nzima. Kitambaa kilichovishwa waya, shemeji alipokigusa kwa ncha ya kidole, kilimomonyoka na kubaki unga wa kahawia.

"Shemeji," akaniambia bila kugeuka, "naomba unishushe polepole."

Nyaya za namna hiyo zilikuwa za kawaida hapa mpaka miaka ya 1940. Hazina waya wa ardhini, yaani ule wa kuupeleka umeme ardhini hitilafu ikitokea, na zilibuniwa ili joto lake lipotelee hewani, kwa hiyo mtu aliyezifunika kwa pamba ili apunguze bili ya kupasha nyumba joto amezinyima pumzi na kujiongezea hatari ya moto. Kampuni nyingi huzikataa waziwazi, na nyingine humpa mwenye nyumba muda wa kuziondoa. Nilipotaka kujifariji kwamba waliojenga baadaye wamesalimika, wakala akanieleza kwamba nyumba nyingi zilizojengwa kati ya mwaka 1965 na 1973 zilifungwa nyaya za alumini, ambazo hutanuka na kusinyaa mpaka zikalegea kwenye maungio na kupata moto. Jirani yangu wa kanisani, aliyekuwa akijigamba kwamba nyumba yake ni changa kuliko yangu kwa karibu nusu karne, tangu nimfikishie habari hiyo amepunguza kujigamba.

Mabomba sitayazungumzia kwa kirefu, kwa kuwa yananiumiza. Ni ya chuma kilichopakwa zinki, yanaoza kutokea ndani, na kwa nje yanaonekana yamenenepa na kustawi. Bima hulipa bomba linapopasuka ghafla; likivuja polepole kwa miaka mingi, huo huitwa uzembe wa mwenye nyumba. Kwa hiyo ninachotakiwa kuomba, iwapo bomba langu lina nia ya kuniharibia sakafu, ni kwamba lifanye hivyo kwa kishindo.

Lakini lililonishinda kabisa kulielewa ni suala la thamani. Nyumba hii niliinunua dola 240,000, na hakuna mtu mwenye akili timamu ambaye angenipa 400,000 leo. Nilimwomba wakala aishushe bima ifike kwenye bei ya sokoni ili ada nayo ishuke, akanieleza kwa subira kwamba kampuni haihesabu bei ya kuiuza nyumba, bali gharama ya kuijenga upya kama ilivyokuwa, iwapo itateketea yote. Nyumba kongwe ni ghali kuijenga upya kuliko mpya, kwa kuwa kuta zake si za mbao za jasi zinazopigiliwa kwa siku moja, bali ni fito za mbao zilizokandikwa plasta kwa mkono, milango ni ya mwaloni mtupu, na mafundi wanaoziweza kazi hizo wamebaki wachache na wanajijua kwamba ni wachache. Nilinyamaza kidogo. Nilihama nyumba ya fito na udongo, nikavuka bahari, nikakopa benki kwa miaka 30, nikanunua nyumba ya fito na plasta, na sasa ninatozwa zaidi kwa ajili ya fito.

Juu ya hayo kuna kipengele cha sheria za ujenzi. Nyumba ya mwaka 1924 ilijengwa kwa kanuni za mwaka 1924. Ikiungua nusu, jiji litadai nusu ijengwe kwa kanuni za leo, na pengine ile nusu nyingine nayo ifuate, na tofauti hiyo ya gharama bima ya kawaida huifidia kwa kiwango kidogo au haiifidii kabisa, mpaka uongeze kipengele na kukilipia. Nikaongeza. Nikauliza kuhusu mafuriko, nikaambiwa hiyo ni bima nyingine. Nikauliza kuhusu maji machafu yanayorudi kutoka kwenye bomba kuu la mtaa, nikaambiwa hicho ni kipengele kingine. Mke wangu, aliyekuwa akinisikiliza kutoka jikoni, aliuliza kwa sauti kwamba ikiwa paa ni sifuri, maji yana bima yake nyingine na uzee wa bomba ni juu yetu, basi ile bima yenyewe inakinga kitu gani. Wakala alimsikia kupitia simu na akasema, "Mwambie mama, inakinga mkopo." Na ni kweli, kwa maana siku nikithubutu kuiacha, benki iliyonikopesha itanikatia bima ya kwake kwa bei ya juu zaidi, itaniongezea gharama hiyo kwenye malipo ya kila mwezi, na bima hiyo italilinda deni lao na kuyaacha makochi yangu yaungue kwa amani.

Basi tukafanya tulichoweza. Nyaya za darini ziliondolewa, cheti cha fundi umeme kikapelekwa, na ada ikapunguzwa. Katika barua hiyohiyo, mstari wa chini yake, ikapandishwa kwa sababu bei ya mbao na ya mafundi imepanda. Haikupita muda ikaja barua nyingine. Kampuni ilikuwa imeipiga nyumba picha kutoka angani, ikaona kuvu ya kijani upande wa kaskazini wa paa na tawi la mti linaloligusa, na picha iliyopigwa kutoka barabarani ikaonyesha kwamba ngazi za mbele hazina reli ya kushikia. Nilipewa siku 30, la sivyo bima haitahuishwa.

Nilikata tawi, nikasafisha kuvu, nikanunua reli ya chuma, na shemeji akaifunga kwa skrubu ndefu. Walitaka ushahidi wa picha unaoonyesha kwamba reli ni imara, kwa hiyo nilimsimamisha shemeji kwenye ngazi, akaegemea reli kwa uzito wake wote huku akitabasamu, na mbwa wa jirani, aliyekuwa akipita zake, akaketi miguuni pake. Niliituma picha hiyo jioni. Asubuhi yake kampuni ilijibu kwamba reli imekubaliwa, ikanishukuru kwa ushirikiano, kisha ikaomba nijulishe kwa maandishi kama mtu anayeonekana pichani ni mkaazi wa kudumu wa nyumba hiyo, na yule mbwa ni wa aina gani.