Mipangilio ya seva: faili moja au vipande vingi?

Fundi ameingia kwenye seva ya Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, aliyoikodi mtandaoni. Anafungua /etc/ssh/sshd_config, anaandika "PasswordAuthentication no", anahifadhi, kisha anaiwasha upya huduma ya SSH, ile inayowaruhusu watu kuingia kwenye seva kwa mbali. Anaamini kuanzia hapo hapiti mtu asiye na ufunguo wa kidijitali. Kumbe mlango wa nenosiri bado uko wazi. Kwenye folda ya jirani, /etc/ssh/sshd_config.d, kuna faili iitwayo 50-cloud-init.conf, iliyoandikwa na programu iliyoiandaa seva siku ya kwanza, nayo inasema "yes". Faili kuu huivuta folda hiyo kwenye mistari yake ya juu, na sshd, programu inayoendesha huduma hiyo, ikishapata jibu la kwanza haisikilizi la pili.

Nimekuta hali hii kwenye seva za watu makini, watu wanaosoma kabla ya kugusa. Ndiyo maana siwezi kuuchukulia mjadala wa mahali pa kuweka mipangilio kama suala la ladha tu. Fundi yule alifungua faili sahihi na kuandika neno sahihi, na bado seva haikumtii.

Zamani jibu lilikuwa fupi: tafuta ndani ya /etc. Hata kanuni za mpangilio wa mafaili ya Linux, zilizoanza kuchapishwa mwaka 1994 na kufikia toleo la 3.0 mwaka 2015, zinaitaja /etc kuwa makao ya mipangilio ya mashine husika. FreeBSD, mfumo endeshi mwingine wa seva, inatenganisha: mipangilio ya mfumo wenyewe hukaa /etc, ya programu unazoongeza hukaa /usr/local/etc. Mwenye Mac anayetumia Homebrew, zana ya kusakinisha programu, ataikuta /opt/homebrew/etc, au /usr/local/etc kama mashine yake ni ya Intel. Tofauti hizo unajifunza mara moja, zinaisha. Kinachosumbua ni programu moja kukusanya mipangilio yake kutoka faili tano au sita.

Lakini wanaotetea vipande, yaani faili ndogondogo ndani ya folda kama sshd_config.d, wana hoja nzito, na aliyewahi kusasisha seva ishirini usiku mmoja ataielewa haraka. Faili ikiwa moja, wewe na watengenezaji wa kifurushi cha programu mnaandika kwenye karatasi ileile. Toleo jipya likija, Debian, Linux ambayo Ubuntu imetokana nayo, inasimama na kukuuliza: tubaki na faili yako au tuchukue mpya? Kwenye Red Hat, Linux ya familia nyingine, unaachiwa faili yenye mkia wa .rpmnew, na mara nyingi hakuna anayeifungua tena. Kwa vipande, faili ya kifurushi inabaki kama ilivyokuja na yako inakaa pembeni. Ukitaka kurudi ulikotoka, unaifuta yako. Anayesimamia mashine kwa Ansible, zana ya kupanga seva nyingi kwa pamoja, anatupia faili moja ndogo badala ya kuhariri mistari katikati ya faili la mtu mwingine. OpenSSH yenyewe, mradi unaotengeneza sshd, ilibaki na faili moja kwenye upande wa seva hadi toleo la 8.2, Februari 2020, ndipo ikakubali kuvuta nyingine.

Gharama yake ni kwamba hakuna kanuni moja ya nani anamshinda nani. Kwenye sysctl (mipangilio ya kiini cha Linux) na systemd (inayowasha na kusimamia huduma), faili ya mwisho kwa mpangilio wa majina ndiyo inayosikilizwa kwa mipangilio mingi, kwa hiyo watu wamezoea kuita faili zao 99-kitu.conf ili wawe na neno la mwisho. Fundi huyohuyo akiyapeleka mazoea hayo kwenye sshd, anajiweka mkiani, mahali ambapo hasikilizwi kabisa. Jina lilelile linalompa ushindi huku linamnyima kule, na hakuna ujumbe wa kosa utakaomwonya.

Pamoja na hayo, sitaki turudi kwenye faili moja. Ninachodai ni kwamba programu inayokubali vipande iwe na amri ya kuonyesha matokeo ya mwisho na kila thamani ilikotoka. PostgreSQL, programu ya hifadhidata, ndiyo ninayoitolea mfano siku zote. Ina postgresql.conf, ina postgresql.auto.conf inayoandikwa na amri ya ALTER SYSTEM na kuishinda ile ya kwanza, yaani mazingira yote ya mkanganyiko yapo. Lakini msimamizi akiisoma pg_settings, orodha ya mipangilio iliyo ndani ya hifadhidata yenyewe, anapewa thamani inayotumika sasa hivi, pamoja na jina la faili na namba ya mstari. Git, zana ya kutunza historia ya msimbo, nayo inajibu vizuri kwa "git config --list --show-origin", jambo la maana kwa sababu inaweza kusoma ~/.gitconfig na ~/.config/git/config kwa pamoja. Systemd ina "systemctl cat", inayoonyesha faili za huduma na mahali zilipo.

Sshd imefika nusu ya njia. "sudo sshd -T" inatoa mipangilio ya mwisho lakini haisemi ni faili gani iliyoshinda. Tena inasoma mafaili yalivyo sasa. Huduma iliyowashwa kabla hujabadilisha kitu inaweza kuwa bado inashika ya zamani. Na kama umeandika sehemu za Match, zile zinazohusu watumiaji au anwani fulani tu, hazihesabiwi mpaka uongeze -C na kumtaja mtumiaji.

Kwa programu isiyosema lolote, inabidi uitazame ikifanya kazi: "strace -f -e trace=openat" inaonyesha kila faili inayojaribu kuifungua, zikiwemo zile ambazo haikuzikuta. Ni kazi ya kuchosha, na nisingependa mgeni wa Linux aanzie hapo.

Yule fundi wa mwanzo anahitaji faili yake iitwe 00-nenosiri.conf, ndani ya sshd_config.d, ili isomwe kabla ya ile ya 50. Kisha aendeshe sshd -T, aiwashe upya huduma, na bila kufunga dirisha alilomo, afungue jingine na kujaribu kuingia kwa "ssh -o PubkeyAuthentication=no". Akiulizwa nenosiri, bado kuna faili hajaiona.